Waziri wa Ndoo: Aliambiwa Alete Majina ya Wanaobebana Hosteli

Saa 10 alfajiri, nyuma ya hosteli ya wasichana ya chuo kimoja hapa Dar. Mabomba yapo matatu, foleni ya ndoo imeanzia hapo imekwenda mpaka kwenye kamba za kuanikia nguo. Kila ndoo imeandikwa namba ya chumba kwa makapeni ili isije ikatembea. Pembeni kuna binti kajifunga kanga juu ya tisheti, kakaa kwenye dumu, daftari mapajani, simu imewashwa tochi. Kila anayefika bombani anaulizwa kitu kimoja tu, "Chumba namba ngapi?" Akijibu, binti anachora kijistari.

Wenzake wanapita wanamcheka. "Mheshimiwa, siku hizi unasoma mita?" Mwingine anamwambia akalale zake, hakuna aliyewahi kupewa digrii ya kuhesabu ndoo. Yeye anatabasamu, anachora.

Huyo binti jina kapuni. Mwaka wa pili, mtoto wa Tabora, na kwenye serikali ya wanafunzi pale chuoni alikuwa Waziri wa Malazi. Kwa wasiojua, hizi serikali zina kila kitu: rais, waziri mkuu, baraza la mawaziri, bunge na spika wake. Baraza likiundwa, watu wanagombania Wizara ya Mikopo, maana bumu likichelewa we ndo staa, kila mtu anakutafuta. Au wanataka Michezo na Burudani, huko ndo kuna mabonanza na picha na wasanii. Malazi hamna anayeitaka. Malazi ni kunguni, vitasa vibovu na vyoo vilivyoziba. Kapewa yeye kwa sababu siku ya kugawana alikuwa kwenye testi, hakuwepo kukataa.

Zamani wanafunzi walijulikana kwa mambo makubwa. Mwaka 1978 wale wa Mlimani waliingia barabarani kupinga mawaziri na wabunge kuongezewa mishahara na marupurupu, na wengi walifukuzwa chuo. Siku hizi vita ya kila siku ni ndogo ndogo: bomba, taa ya njiani, kadi ya bima iliyochelewa, jina lililorukwa kwenye orodha ya kusaini bumu. Hazikupi jina. Ila ukizikosa ndo unaujua uchungu wake.

Sasa kilichomtoa Waziri kitandani ni hesabu iliyokuwa haikubali. Jengo lina vyumba 60, kila chumba vitanda 4, yaani watu 240. Tenki ni la lita 10,000. Ukigawa, kila mtu anapata kama ndoo mbili za lita 20 kwa siku. Kwa hesabu za ofisini, maji yanatosha kabisa. Kwa hesabu za mtu aliyeamka saa 12 na kukuta bomba linatoa upepo, hayatoshi hata robo.

Ofisini alishaenda mara mbili, akaambiwa wasichana wanachezea maji. Ndo akachukua daftari. Siku 7 mfululizo, saa 10 mpaka saa 2 asubuhi, vipindi viwili vya saa 1 vikampita. Siku iliyokuwa na watu wachache walifika 352. Siku ya wengi walifika 371.

Kila mtu pale anajua hao wengine ni kina nani. Chuoni wanaita kubebana. Wewe umepata kitanda, mwenzio kakosa, unambeba, mnalala wawili kitanda kimoja, mzungu wa nne. Mwenye mkopo kamili wa chakula na malazi anapata mpaka shilingi 10,000 kwa siku, zamani ilikuwa 8,500, na humo humo ale, alale na apande daladala. Chumba cha mtaani mwenye nyumba anataka kodi ya miezi 3 au 6 kwa mpigo. Aliyekosa mkopo kabisa ndo usimuulize. Wengine wanabebwa bure kwa undugu, wengine wanalipa kila mwezi, nusu kitanda kimegeuka biashara.

Na Waziri mwenyewe alikuwa anabeba.

Chumba namba 14, kitanda cha chini, upande wa dirishani. Alikuwa analala na binti wa jirani yao Tabora, mwaka wa kwanza, anayemwita dada tangu wakiwa wadogo. Baba wa yule binti alishafariki. Aliomba mkopo akakosa, kwa sababu cheti cha kifo cha baba alikiambatanisha bila kukihakiki RITA. Kosa la karatasi moja. Mama yake anauza mihogo ya kukaanga, akauza na mbuzi wawili, hela ikaishia kwenye ada. Hela ya kitanda haikuwepo.

Basi Waziri akaandika karatasi safi. Hakuweka namba za vyumba, aliweka jumla ya kila ghorofa tu. Akavaa gauni lake la kanisani, akaenda kwa Mshauri wa Wanafunzi, mama mmoja wa makamo anayeogopwa chuo kizima.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kaa."

Mama akasoma taratibu, akavua miwani. "Kwenye vitabu vyangu wapo 240. Hawa 131 wametoka wapi?"

Waziri kimya.

"Nakuuliza kwa sababu siku moto ukitokea kwenye lile jengo, mimi nitampigia simu mzazi gani? Nitamwambia nini mama wa mtoto ambaye kwangu hayupo?"

Hilo hakulitegemea. Alijiandaa kubishana na mtu mbaya, akakuta mtu mwenye hoja. Mama akaendelea kwamba maji yanaweza kuongezwa, fungu linaweza kutafutwa, ila hawezi kuandika barua kwa watu wasiokuwepo. Alete daftari lenye namba za vyumba, na majina ya wanaobebana. Akapewa wiki moja.

Stori ikavuja siku hiyo hiyo. Kwenye grupu la WhatsApp la hosteli moto ukawaka. Walioambiwa "asante Waziri" jana yake, leo wanamwita msnichi. Mtu kamwandikia mlangoni kwa mkaa, "Kuanzia leo tukalale kwenu." Ndoo yake ikaibwa, siku tatu akawa anaazima kopo la jirani.

Rais wa serikali ya wanafunzi akamwita pembeni, kwenye vimbweta. Jamaa mtanashati, suti kila siku, uchaguzi wa mwakani anataka kumwachia rafiki yake kiti. "Waziri, we toa majina tu. Tenki likija tunapiga picha, tunaposti, watu watasahau. Nani atakumbuka wabebwaji 131 wasiokuwa hata na haki ya kupiga kelele?"

Ni kweli wasingepiga kelele. Anayebebwa hana pa kulalamika. Akilalamika anajichoma mwenyewe.

Usiku ule chumba namba 14 taa ilizimwa mapema. Mdogo mtu akaongea gizani, sauti ya chini ili wengine wasisikie.

"Dada, andika la kwangu. Mimi nitarudi Tabora, nitaomba tena mwakani."

"Lala."

"Watu 371 wapate maji kwa ajili ya mtu mmoja kuondoka, si afadhali?"

"Nimesema lala."

Lakini yeye mwenyewe hakulala. Kutoa majina yote ni kuwafukuza wasichana 131, na wengine wana mitihani baada ya mwezi. Kutotoa ni kurudi kwenye bomba la upepo, na kuacha watu walale kwenye jengo ambalo hakuna anayejua wapo. Na kulitoa jina la mdogo wake peke yake ili yeye aonekane msafi, hiyo ilikuwa mbaya kuliko zote.

Siku ya saba akarudi ofisini. Mkononi hakuwa na daftari. Alikuwa na ukurasa mmoja aliouchana. Juu umeandikwa "Chumba 14", chini kuna vijistari, na pembeni jina moja tu, la kwake, na maneno mawili: "mimi nabeba".

Mama akaangalia ule ukurasa kwa muda. "Na anayelala na wewe ni nani?"

"Mama, huyo nimemwingiza mimi. Adhabu iwe yangu. Ila nikiwaandika wenzangu kabla sijajiandika mwenyewe, nitakuwa sijasema ukweli, nitakuwa nimechongea tu."

"Daftari liko wapi?"

"Limelowa, mama."

Lililowa kweli. Alilitumbukiza kwenye ndoo asubuhi ile, wino wote ukatoka, maji yakawa ya bluu.

Mama hakucheka wala hakufoka. Kwa utaratibu wa pale, anayebeba ananyang'anywa kitanda. Akanyang'anywa. Akapewa siku 14 za kuhama. Kwenye baraza wakamwambia ajiuzulu kwa "kuidhalilisha serikali". Akaandika barua ya mistari mitatu, akaiacha kwa katibu.

Wiki ya tano baadaye lori likaleta matenki mawili, kila moja lita 5,000. Yakafungwa nyuma ya hosteli. Likatoka na tangazo ubaoni: kila chumba kiandike idadi ya watu wanaolala humo, bila majina, kwa ajili ya usalama, na hakuna atakayeondolewa mpaka mitihani iishe. Nani alilishauri wazo la "bila majina", tangazo halikusema.

Rais akapiga picha mbele ya matenki, dole gumba juu, akaposti Insta: "Ahadi imetekelezwa." Watu wakajaa chini yake, "Rais anaupiga mwingi", mioyo na moto kibao. Katikati ya komenti zote, akaunti moja isiyo na picha ikaandika, "Muulizeni lile daftari liko wapi." Komenti ikapata laiki nyingi kuliko posti. Ikafutwa jioni. Kesho yake ikaandikwa tena na akaunti nyingine.

Waziri hakuiona siku ile. Alikuwa kwenye daladala la Mbagala, kasimama, begi mgongoni. Walipata geto huko yeye na mdogo wake, chumba kimoja, choo cha nje, kodi ya miezi mitatu ililipwa na bumu lake lote. Wakala dagaa mpaka wakasahau ladha ya vingine. Aliyewasaidia ni yule Waziri wa Mikopo aliyekuwa anachekwa kwamba anapenda ustaa: alikaa na mdogo mtu jioni mbili nzima, wakahakiki cheti cha baba RITA, wakaweka kila kiambatanisho, dirisha la rufaa lilipofunguliwa wakatuma. Majina ya rufaa yalipotoka, la kwake lilikuwemo.

Watu wengi wanaona serikali ya wanafunzi ni mazoezi ya siasa tu, watoto wanaitana Mheshimiwa. Wapo wa hivyo, na suti zao. Lakini kuna kazi humo ambayo ukiifanya vizuri hamna atakayekuona, na ukiifanya kwa ukweli unaweza kuanza kwa kujichoma mwenyewe. Yule binti hakushinda uchaguzi wowote. Alipoteza kitanda, cheo na ndoo.

Pale hosteli foleni bado ipo, ila haifiki tena kwenye kamba za nguo. Kuna dumu moja pembeni ya mabomba limepinduliwa, na asubuhi wasichana wakifika wa kwanza hawalikalii. Wanaliita kiti cha Waziri.

Swali kwako mdau: ungekuwa wewe, na wiki moja mkononi, ungetoa majina? Na yule Mama ungemlaumu? Dondosha komenti yako hapo chini, matusi hapana.