Bahasha Nilizowashia Jiko

Nianze na jiko, maana ndipo kosa lilipoanzia. Ilikuwa masika ya mwaka 2004, mkaa umelowa, mafuta ya taa yamekwisha, nami nina bahasha za kaki zaidi ya thelathini, kuukuu, pembe zimeliwa na panya. Nilizichana moja moja nikawashia. Chai ilichemka vizuri tu.

Bahasha zile zilikuwa za baba mdogo. Mwaka 1978 alikuwa mpiga picha mjini Mpanda. Majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera mwezi Oktoba, aliondoka na wanamgambo wenzake, kamera yake ya Zenit ameizungushia shati la akiba. Hakuwa mwandishi wa habari. Waandishi walikuwepo: Tony Avirgan na Martha Honey, Wamarekani waliokuwa wakiishi Dar es Salaam, walifuatana na jeshi letu na mwaka 1982 wakatoa kitabu kizima juu ya vita ile. Baba mdogo alipiga alichoombwa, na alichoombwa kilikuwa kimoja: sura ya mtu, akiwa bado mzima, ya kumpelekea mama yake. Alipiga kabla ya kuvuka Mto Kagera, akapiga Masaka, akapiga Kampala ilipokwisha kutekwa, Aprili 1979.

Aliporudi aliisafisha mikanda yote. Karatasi ya kuchapia picha ndiyo iliyokosekana. Miaka ile hata sabuni ilikuwa ya foleni. Basi akaikata mikanda vipande, kila kipande katika bahasha yake, na juu ya bahasha akaandika kwa penseli jina la mtu, kijiji chake na mahali alipompigia. Akafungia yote ndani ya tranka, akarudi kulima mpunga.

Mimi nilifungua studio hapa Kasansa, tukiwa bado Mkoa wa Rukwa. Niseme studio kwa heshima tu: shuka la buluu ukutani, stuli moja, Yashica moja. Mikanda niliituma Mpanda kwa basi la Kibaoni, lile linalokatiza Hifadhi ya Katavi na kupita kwa viboko wa Sitalike, na mvua ikizidi mteja alisubiri picha yake ya kitambulisho hata wiki tatu. Siku moja baba mdogo akaja na tranka kichwani. "Mwanangu, wewe una studio. Zichape, tuwapelekee wenyewe."

Nilifungua nikitarajia vifaru. Nilitaka bunduki, moshi, Waganda wamenyoosha mikono. Nilikuta vijana. Vijana wamesimama, vijana wamechuchumaa, vijana wamevua kofia. Negativu zilinuka siki, na wakati ule sikujua kwamba harufu ile ndiyo dalili ya mkanda kuanza kuoza. Nilizifuta kwa kitambaa, nikazirundika zote katika mfuko mmoja wa nailoni, nikajisifu kwa usafi. Makaratasi ya nje niliyaona takataka. Yaliyofuata nimeshayasema.

Baada ya mwezi akauliza bahasha ziko wapi.

"Mchwa, baba."

Alinitazama kitambo. "Mchwa wa ajabu hao, wanajua kufungua tranka." Hakuongeza neno. Kwa wiki kadhaa alikuja jioni, akakaa mlangoni, akainua kipande kimoja kimoja kwenye mwanga ajaribu kutaja majina. Jicho moja lilikuwa limeshaingia mtoto wa jicho, na sura za negativu zimepinduka, weusi ni mweupe na weupe ni mweusi. Alitaja saba au wanane. Wawili aliwataja mara mbili, kwa majina tofauti. Mwaka 2009 tukamzika.

Miezi michache baada ya matanga alikuja bibi mmoja wa kijiji jirani. Alikuwa amesikia msibani kwamba marehemu aliwapiga picha vijana wa vita. Wa kwake alikufa huko, naye hakuwa na picha yake hata moja. Wengi wa waliokufa wamezikwa Kaboya, wilayani Muleba. Kutoka kwetu ni safari ambayo kikongwe wa jembe haifanyi. Nikamuuliza mwanawe alikuwaje. Mrefu, akasema, na ana mwanya.

Hapo ndipo ningesema kweli. Badala yake niliketi usiku nikapekua mfuko, nikapata mrefu mmoja mwenye mwanya, anacheka. Nikamtuma Mpanda akakuzwe, nikamtia fremu, bure. Bibi aliishika fremu kwa mikono yote miwili. Alikaa nayo muda mrefu kiasi kwamba nilianza kutafuta kazi ya kufanya. Kisha akasema, "Amekonda."

Ningeweza kujidanganya kwamba nilimfariji, na kwa miaka kumi nilijidanganya hivyo hasa. Mwaka 2019 nikasikia redioni habari ya maonyesho kwenye Jumba la Makumbusho la Uganda, Kampala. Katika ofisi za shirika la utangazaji la nchi ile kulikuwa kumegunduliwa makumi ya maelfu ya negativu za enzi za Amin. Zilipigwa na wapiga picha wa serikali, kwa hiyo mauaji karibu hayaonekani humo. Yumo Amin akicheka, akihutubia, akicheza ngoma. Lakini kila negativu ilikuwa ndani ya bahasha, na bahasha imeandikwa tarehe na tukio. Nilizima redio. Watu wa Amin, nikawaza, walitunza bahasha.

Mwaka jana mjukuu wa yule bibi alikuja studio. Siku hizi natumia kamera ya dijitali na mashine ya kuchapia hapa hapa. Alileta fremu ile, picha imefifia, kioo kimepasuka. Ilikaa ukutani, juu ya kabati lenye vitambaa vya kufuma, hata baada ya bibi kufariki. Akaniambia watoto wake wakiamka huisalimia: shikamoo babu. Alitaka nyingine, kubwa zaidi, na akataka pale chini niandike jina kamili, mwaka 1979, na neno shujaa.

Akanitajia herufi moja moja nisikosee. Nikaandika.