Kulala Hotelini Frankfurt kwa Gharama Nafuu

Msafiri aendaye Frankfurt, Ujerumani, yafaa ajue jambo moja kabla ya kuagiza chumba: bei ya kitanda huko hufuata kalenda. Frankfurt ni mji wa maonyesho ya biashara tangu kale. Mwaka 1240 Kaisari Friedrich wa Pili aliwapa ulinzi wafanya biashara waliokwenda kwenye soko lake. Hata leo, kila mwezi wa Oktoba, Maonyesho ya Vitabu huwaleta watu kutoka pande zote za dunia, na chumba kile kile huweza kupanda bei maradufu. Basi ulizia kwanza tarehe za maonyesho, ndipo upange safari. Ikiwa huna budi kwenda wakati huo, tafuta hoteli katika mji wa jirani kama Darmstadt, ambao kwa kawaida treni huufikia kwa muda usiotimia nusu saa.

Pili, uliza kama chakula cha asubuhi kimo katika bei. Kama hakimo, mkate wa duka la mwokaji utakutosha kwa fedha chache. Maji ya bomba ni safi. Yanywe bila hofu. Chupa tupu za plastiki usizitupe, maana nyingi hurudishiwa senti 25 dukani. Siku ya Jumapili maduka karibu yote hufungwa, isipokuwa yale ya stesheni kuu. Kwa hiyo nunua mahitaji yako Jumamosi. Tena, ifikapo saa nne za usiku, punguza sauti, kwani Wajerumani huheshimu sana usingizi wa jirani.

Mwenye mfuko mdogo asione haya kuuliza bei mapema. Kuuliza si ujinga.