Siku tatu za Marseille, moto ukatuongezea ya nne

Wiki hii tuache foleni za Dar na bei ya mchele, twende Ufaransa. Siyo ile Ufaransa ya mnara wa Eiffel na marashi, hiyo mmeisikia hadi mmechoka. Nawapeleka Marseille, mji wa bandari kusini kabisa, ambako ukipita sokoni ukasikia mtu anasema "karibu" usishtuke. Wakomoro wamejaa kule kwa maelfu. Wengi wa mwanzo walikuwa mabaharia wa meli za Kifaransa, wakashuka, wakaoa, wakaitana, na leo wana misikiti yao, maduka yao na harusi zao ambazo mtu anadunduliza pesa miaka kumi ili aje azitapanye kijijini kwao Ngazidja kwa wiki mbili.

Sasa mama yangu, mwenye miaka sabini na miwili na pumu yake, alikuwa na shoga yake kule. Nikisema shoga nasema yule wa kulala kitanda kimoja na kugawana kanga doti moja. Walikua pamoja Vikokotoni, Unguja, nyumba zinatazamana. Kisha ikaja ile miaka ya mwisho ya 1960, Wakomoro wengi wa Unguja wakaambiwa wao si wananchi, wakaachishwa kazi serikalini. Baba wa yule shoga alikuwa mmoja wao. Asubuhi moja mama akaamka, akakuta mlango wa jirani umefungwa kwa kufuli. Basi. Miaka hamsini na kitu hawakuonana.

Aliyewakutanisha ni dada yangu anayeishi Paris. Alialikwa harusi ya Wakomoro, akakaa meza moja na kijana mmoja, stori mbili tatu, kumbe mama yake kijana kazaliwa Unguja. Simu zikapigwa. Siku ile mama alilia jikoni mpaka wali ukaungua.

Kwa hiyo Julai 2025, mama alipokwenda kumtembelea dada Paris, nami nikiwa mbeba mabegi, mpango ukawa huu: Jumapili tarehe 6 tunapanda treni ya kasi kwenda Marseille, tunalala siku mbili, Jumanne tarehe 8 alasiri tunarudi. Jumatano usiku ndege ya Dar. Viza ya mama mwisho wake Alhamisi. Dada alisema kila kitu kimekaa sawa, na kwa kweli kilikuwa kimekaa sawa.

Treni ile bwana ni balaa. Kutoka Paris hadi Marseille ni zaidi ya kilomita 700, na unafika kwa saa tatu na ushei tu, chai haijatulia tumboni. Mama aliuliza mara mbili kama tumeshaondoka.

Ya kukutana kwao sitayasema sana. Yule bibi, ambaye mimi namwita mama mdogo, alikuwa amesimama stesheni ya Saint-Charles amevaa kanga juu ya gauni, na kanga yenyewe ya zamani, imechuja. Hawakukimbiliana kama kwenye sinema. Walishikana mikono wakatazamana, mama akasema, "Umenenepa, shoga." Mwenzake akajibu, "Na wewe umezeeka." Wakaanza kucheka, na kicheko hicho hakikuisha hadi Jumatatu usiku.

Nyumba yake iko mitaa ya kaskazini, ghorofa ya tisa, moja ya yale majumba marefu ambayo magazeti ya kwao hayana jema la kuyasema. Mimi nilikuta watu wanasalimiana kwenye ngazi. Tulikula mataba, ambayo ni kisamvu chetu cha nazi kimebadilishwa jina, pamoja na samaki. Kiswahili cha mama mdogo ni kile cha Unguja ya zamani, maneno mengine siku hizi huyasikii hata Unguja kwenyewe. Wanawe wanakielewa kidogo, wanachanganya Kingazidja na Kifaransa, mradi fujo tupu.

Jumatatu tukaenda kutalii. Tulipanda hadi kanisa la Notre-Dame de la Garde juu ya kilima, lenye sanamu ya dhahabu inayoonekana mji mzima. Huko juu tukaonyeshwa vilima vya upande wa kaskazini: misonobari, vichaka, mawe meupe. Kila kitu kikavu. Ufaransa ilikuwa imetoka kwenye Juni ya joto kali, ya pili kwa joto tangu waanze kupima kwa namna hiyo mwaka 1900, na nyasi ukizikanyaga zinalia kama papadi. Mama mdogo akasema, "Hapa inangojewa njiti tu." Jioni upepo ukaanza. Wanauita mistral, unashuka na bonde la mto Rhône kutoka kaskazini, na ukivuma unavuma kweli. Usiku kucha madirisha yaligongagonga kama tunadaiwa kodi.

Jumanne asubuhi mwanawe mkubwa akatushusha mjini na mabegi yetu, yeye akaenda kazini. Mama mdogo akaja nasi kutusindikiza. Tukapita soko la Noailles, ambako unapata bamia, muhogo, pilipili mbuzi na bizari, mama akanunua sabuni vipande kumi na viwili. Sabuni za Marseille zina sifa duniani, lakini kumi na viwili jamani! Nani anabeba? Mimi.

Yapata saa sita mchana tuko bandari ya zamani, Vieux-Port, tunatazama mashua. Mara jua likabadilika rangi. Mwanzo nilidhani wingu. Kisha likawa kama chungwa bovu, kivuli changu chini kikawa chekundu. Watu wakaanza kutoa simu na kunyoosha vidole. Kaskazini kumesimama ukuta wa moshi, wa kahawia chini na mweupe juu, upepo unauvuta moja kwa moja kuja mjini. Kitu kikaniangukia begani. Jivu.

Kumbe gari moja lilikuwa limeshika moto kando ya barabara kuu huko Les Pennes-Mirabeau, kijisehemu cha nje ya mji. Gari moja tu! Upepo ukauchukua ule moto ukautupa kichakani, na kutoka hapo kilima kwa kilima mpaka kuingia mitaa ya Marseille yenyewe, upande wa L'Estaque. Uwanja wa ndege ukafungwa mpaka usiku. Barabara kuu kadhaa zikafungwa. Wakazi wa mitaa ya huko wakaambiwa wajifungie ndani, wafunge madirisha, wazibe nyufa za milango kwa taulo zilizolowa, wasitoke na magari kuwazibia njia zimamoto.

Hao zimamoto wao nao niwaeleze kidogo, maana ni kituko. Marseille haina zimamoto wa halmashauri kama miji mingine. Wao ni wanajeshi wa majini. Mwaka 1938 duka kubwa katikati ya mji liliungua, wakafa watu 73, serikali ikaona huu mji hauwezi kujizimia wenyewe, mwaka uliofuata ikawakabidhi wanamaji. Mpaka leo. Halafu kuna zile ndege za njano na nyekundu, zinateremka baharini zikienda kasi, zinachota maji lita 6,000 hivi bila kusimama, zinapanda kwenda kuyamwaga. Watoto pale bandarini walikuwa wanazishangilia kama mpira. Mie roho ilikuwa mkononi, maana mama alikuwa ameanza kukohoa.

Nyie wenye wagonjwa wa pumu mnaijua ile sauti. Siyo kikohozi, ni kama mluzi unatoka kifuani. Dawa yake ya kupuliza ilikuwepo kwenye pochi, akapuliza mara mbili, ikatulia kidogo. Tukamfunga mtandio uliolowa puani, tukakodi teksi kwenda Saint-Charles. Dereva alidai bei ambayo kwa siku ya kawaida ungemwita mwizi.

Stesheni patashika. Watu wamekaa juu ya mabegi, watoto wanalia, mbwa wanabweka. Kwenye ubao wa ratiba treni zinafutika moja baada ya nyingine, na yetu ya saa tisa ilikuwa ya nne kutoka juu. Nikaiona ikifutika kwa macho yangu. Nikapanga foleni dirishani saa nzima na robo. Msichana wa pale, macho mekundu kwa moshi maskini, akaniambia mje kesho. Nikamwambia kesho usiku tuna ndege. Akasema mje kesho. Nikamwambia viza. Akanitazama, akasema, "Mama, hata mimi sijui nitarudije nyumbani." Nikanyamaza.

Kurudi ghorofa ya tisa haikuwezekana. Moshi wa kule ulikuwa mzito kuliko wa mjini, na mwanawe mama mdogo alipiga simu kusema tusithubutu. Mama mdogo mwenyewe hakutetereka. Alikuwa na mtoto wa dada yake anakaa Belle de Mai, nyuma tu ya stesheni. "Twendeni," akasema, "nimeondoka nyumba usiku kabla ya leo." Sikumwelewa wakati ule.

Vyumba viwili, tukawa watu tisa. Taulo mlangoni, madirisha yamefungwa, joto la kupikia mkate. Wale wenyeji wetu hawakutuuliza mtakaa mpaka lini. Walitandika magodoro, wakaleta wali na maziwa ya mgando, televisheni inaonyesha moto, nje ving'ora. Wazee wawili wakapewa kitanda kimoja, mimi chini pembeni yao na begi la sabuni.

Sasa hapa ndipo penyewe. Siku mbili nzima walikuwa wamecheka tu, hawajaligusa lile. Ile nyumba ya Vikokotoni ilikuwa na kijana, kaka yake mama, mjomba wangu mimi. Yeye na huyu mama mdogo walikuwa wameshatoleana barua ya posa. Mlango ulipofungwa kwa kufuli, mjomba alikaa barazani wiki nzima. Alikuja kuoa baadaye, akaacha, akaoa tena, akaacha. Alifariki mwaka 2016, na mpaka anakufa likitajwa neno Komoro anatoka chumbani.

Taa zimezimwa, nikasikia mama anasema, "Shoga, hukumwambia hata neno?" Kimya. Nikadhani kalala. Kisha mama mdogo akajibu taratibu sana. Akasema baba yake aliwaambia baada ya isha, wakaondoka kabla ya alfajiri, mama yake akamshika mkono mpaka wanapanda chombo. Akasema alipofika Moroni aliandika barua. "Nne," akasema. "Nne, wallahi. Ya mwisho nilitia na kitambaa nilichokidarizi." Mama akasema hakuna hata moja iliyofika. Mama mdogo akasema, "Basi miaka yote mimi nikijua yeye ndiye aliyenikatalia."

Hakuna aliyelia. Nilisikia tu kitanda kinalia, mmoja kajigeuza. Baada ya muda mama akakohoa, mwenzake akainuka gizani akatafuta ile dawa, akamkalisha, akamsugua mgongo mpaka ule mluzi ukaisha. Nadhani saa kumi ndipo walipolala. Mimi nilikuwa macho, nahesabu saa za ndege.

Asubuhi upepo ulikuwa umepungua. Habari zikasema zimamoto kama 800 walipambana, hekta zaidi ya 700 zimeungua, makumi ya nyumba yameguswa, watu wapata mia wameumia kidogo, lakini hakuna aliyekufa. Kwa moto ulioingia mjini namna ile, ni jambo la kumshukuru Mungu. Nilikumbuka Oktoba 2020 mlima wetu Kilimanjaro ulivyowaka siku na siku, sisi tukitazama toka chini.

Treni zikaanza kurudi kwa kusuasua. Tulipata moja, imejaa mpaka milangoni. Kijana mmoja wa Kifaransa mwenye hereni puani akainuka akampa mama kiti chake, akasimama mpaka Paris. Nawaambieni ili siku nyingine msihukumu hereni. Pale stesheni wazee waliagana haraka haraka, kwa sababu mlango ulikuwa unafungwa. Mama mdogo akavua ile kanga iliyochuja akampa mama kupitia dirisha la maneno, maana dirisha lenyewe halifunguki: alimrushia mlangoni, mimi nikaidaka.

Uwanja wa ndege tulifika tukikimbia. Askari wa uhamiaji akagonga muhuri wa kutoka, tarehe 9, viza ikiwa na siku moja mkononi. Mama akamshukuru kwa Kiswahili.

Siku hizi kila jioni baada ya magharibi simu inaita, na wawili hao wanabishana kuhusu pilau, wali wa nazi na nani alivunja mtungi wa nani. Lakini mama ana kazi nyingine. Anazitafuta zile barua. Anasema posta ya zamani haikuwa ikipoteza barua nne za mtu mmoja, lazima kuna mtu alizipokea akazificha, na mtu huyo alikuwa mle ndani ya nyumba. Ameshafungua makasha mawili ya marehemu bibi. La tatu liko Pemba kwa shangazi, na shangazi kila akipigiwa anasema ufunguo hauonekani.