Vakansi kubwa ndani ya lupango

Shule zimefunga. Buletini zimepokelewa, watoto wengine wameimba njia nzima, wengine wamezunguka nyuma ya nyumba kwanza kabla ya kuingia. Sasa wako mikononi mwetu mpaka mwanzo wa Septemba.

Sisi wa hapa Lubumbashi tunajua kwamba vakansi inaingia pamoja na baridi. Ndugu zetu wa Kinshasa wakitusikia tunalia baridi wanacheka, lakini mji wetu uko juu, karibu metre 1,200, na katika mwezi wa saba joto la alfajiri linashuka mara nyingi chini ya digrii 10. Mvua tumeiaga zamani. Vumbi jekundu linaingia kwenye sahani, kwenye nywele, kwenye kifua cha mtoto. Ni hapo watoto wanabaki nyumbani mchana kutwa, na sisi tunapaswa kwenda soko.

Tulitaka kuandika juu ya michezo tu. Tukashindwa, kwa sababu mmoja wetu alituomba tuanze na mbabula.

Miaka miwili iliyopita, usiku mmoja wa mwezi wa saba, huyo mwenzetu alimaliza kupika bukari akaona makala bado mekundu. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Aliona ni hasara kuacha moto mzuri hivyo ufie nje. Akaingiza mbabula katika chumba ambamo alilala na watoto wanne, akafunga dirisha, akasukuma kitenge cha zamani chini ya mlango ili baridi isipite. Moshi haukuwepo tena, ndiyo maana hakuogopa. Saa nane ya usiku mtoto mdogo akalia. Mama akataka kusimama, miguu ikakataa. Kichwa kilikuwa kinamgonga kama mchi kwenye kinu. Alijikokota kwa magoti mpaka mlangoni, akaufungua, akaanguka nje. Jirani alisikia. Watatu walitoka wakitapika. Wa nne, mwenye miaka sita, alitolewa akiwa haitiki hata akiitwa jina. Alifungua macho asubuhi kwenye kituo cha afya, na leo anasoma vizuri, Mungu asifiwe.

Tukubali jambo moja: siku ile wengi wetu tulisema ni uchawi. Tulikwisha hata kuangalia vibaya nyumba fulani. Muuguzi ndiye aliyetuketisha chini na kutueleza. Makala yakiwaka yanatoa gesi isiyo na harufu wala rangi. Gesi hiyo ikiingia mwilini inakaa ndani ya damu pahali pa hewa safi. Mtu aliyelala hasikii kitu. Aliye macho anasikia kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kulegea, na anafikiri ni malaria. Kwa hiyo moshi sio kipimo. Makala mekundu yasiyo na moshi hata kidogo ndiyo yanayotudanganya.

Ukikuta watu katika hali hiyo, fungua mlango na dirisha, watoe wote nje kwenye hewa, kisha uwapeleke kwa muganga hata kama wanasema wamepona. Mambo ya kuwapa maziwa au mafuta ya mawese yasiwacheleweshe.

Tangu usiku ule mbabula zetu zinalala nje. Watoto wanalala wakibanana, wamevaa soksi na kofia. Mwenye chupa ya plastiki ngumu anaitia maji ya vuguvugu, sio ya kuchemka, anaifunga kwa kitambaa na kuiweka miguuni mwa mtoto. Inasaidia kuliko mtu anavyofikiri. Na ile kitenge ya chini ya mlango, mwenzetu aliichoma.

Ni kutoka kisa hicho tulianza likelemba ya watoto. Likelemba ya pesa sote tunaijua: kila mmoja anatoa, kila mmoja anapokea kwa zamu yake. Hii ni vilevile, lakini tunachotoa ni siku. Tuko wamama watano. Kila siku ya kazi mmoja anabaki nyumbani na watoto wa wote wanakuja katika lupango wake. Mwanzoni ilitushinda. Muuza samaki alisema siku yake moja ya kukosa soko inamla faida ya juma nzima, na alikuwa na haki. Tukapatana kwamba siku ya zamu yake samaki zake zinauzwa kwenye meza ya mwenzake, na hesabu inafanywa jioni mbele ya wote. Ugomvi ulikuwapo mara mbili, tusidanganyane, na mara zote mbili ilikuwa juu ya chenji.

Faida ambayo hatukuitafuta ni ya mabinti wetu wakubwa. Zamani vakansi ya kaka ilikuwa vakansi, ya dada ilikuwa kubeba mtoto mgongoni na kuteka maji. Sasa msichana wa miaka kumi na mbili anapata siku nne za kuwa mtoto. Bado anafagia, ndiyo. Na kaka pia ameanza kufagia, japo kwa kununa.

Mama wa zamu anaanza kwa kuzunguka lupango. Kisima kina kifuniko, na juu ya kifuniko kuna jiwe ambalo mtoto hawezi kulisogeza? Petroli ya taa iko wapi? Tuache kabisa kuiweka katika chupa ya limonadi, kwa sababu mtoto mwenye kiu hasomi, anakunywa. Aliyeinywa msimtapishe, maana ikirudi juu inaweza kuingia kwenye mapafu. Mkimbizeni kwa muganga pamoja na chupa yenyewe. Na aliyeungua kwa maji ya kuoga, mwagieni maji safi ya baridi muda mrefu, karibu dakika 20. Dawa ya meno ni ya meno.

Baada ya hapo, wacha wacheze. Wasichana wana nzango yao, na makofi yake tunayasikia mpaka barabarani. Wavulana wanapinda waya kutengeneza magari, nasi tunakusanya vipande vikali vinavyobaki. Mzee mmoja wa avenue yetu aliwachimbia mashimo ya kisolo chini ya mwembe, na sasa ni yeye anayefungwa na watoto wa miaka minane, anasingizia macho yake. Jua likianza kushuka ni saa ya hadithi za Kalulu. Kila mtoto anaruhusiwa kubadilisha mwisho. Simu ya mama inabaki kwa mama.

Kuhusu kinywaji, munkoyo inashinda soda kwa bei na kwa tumbo. Unapika uji mwepesi wa unga wa mahindi, unauacha upoe, unatia mizizi ya munkoyo iliyopondwa. Uji unalainika wenyewe na kuwa mtamu bila sukari. Chuja, weka katika chombo safi chenye kifuniko, watoto wanywe kesho yake. Ikipitisha siku kadhaa inachacha na kuwa ya watu wazima, nao wapo wanaongojea hapo.

Juma lijalo tunaanza Jumatatu kwa mama wa nyumba yenye mwembe. Kila mtoto aje na kikombe chake na sweta. Muuza samaki ana zamu Jumatano: nani atampa nafasi kwenye meza yake?