Kijiko Kimoja cha Chachu

Msomaji, bila shaka umepata kusikia harufu ya mkate uokwao ikipita nyumba hadi nyumba bila kubisha hodi. Lakini yamkini hukupata kujiuliza ni nani auinuaye unga ule mzito hata ukawa mwepesi. Nataka kukueleza jambo hilo kwa habari ndogo iliyonipata mimi mwenyewe katika chumba kimoja cha mabati huko Laini Saba, Kibera. Humo nilijifunza kuoka mkate. Na humo pia nilijifunza, kwa aibu, thamani ya kijiko kimoja cha unga.

Ilikuwa mwaka 2020. Mwezi wa Machi shule zote za Kenya zilifungwa kwa ajili ya maradhi ya Covid-19, na sisi tuliokuwa kidato cha pili hatukurudi darasani mpaka Januari 2021. Mama yangu alikuwa akifua nguo katika nyumba ya watu upande wa pili wa mji, na kazi hiyo ikakoma. Siku ya mwisho mwenye nyumba alimlipa ujira wake, akampa na pakiti mbili za unga wa atta, kila moja kilo mbili, pamoja na chupa ya kioo yenye rojo zito lililojaa mapovu. Shingoni mwa chupa palifungwa karatasi ya maelezo. Rojo lile lilikuwa chachu.

Siku hizo katika miji mingi ya Ulaya na Marekani watu walikuwa wamefungiwa majumbani, na hamira imeadimika madukani. Basi wengi walirudia njia ya kale ya kuumua mkate. Njia hiyo haihitaji duka. Changanya unga na maji, uache mahali pa uvuguvugu, uuongezee unga na maji kila siku. Baada ya juma moja au zaidi, utauona unapumua. Viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, waliokuwa wamelala katika unga wenyewe, huamka na kula. Wengine ni jamaa za hamira, na hewa waitoayo ndiyo inayoinua donge. Wengine ni bakteria wafanyao asidi, ileile iliyomo katika maziwa ya mgando, na hao ndio wauletao ule uchachu. Mwaka 1857 mtaalamu wa Ufaransa, Louis Pasteur, alianza kutangaza kwamba kuchacha ni kazi ya viumbe hai. Lakini watu walikuwa wamekula mkate wa namna hiyo maelfu ya miaka kabla yake bila kujua ni nani aliyewapikia.

Karatasi ile iliamuru hivi: asubuhi na jioni, mwaga nusu ya chachu, kisha tia gramu 50 za unga na gramu 50 za maji. Nami nilikuwa mtoto wa shule, na mtoto wa shule huamini karatasi. Nikatii.

Siku ya tatu, alfajiri, jirani yetu alibisha hodi. Alikuwa mama wa watoto wanne, naye aliuza uji kando ya reli kwa watu waendao kazini kwa miguu. Lakini siku zile waliokwenda kazini walikuwa wachache, na uji ulikuwa ukirudi nyumbani sufuriani. Aliniomba kikombe kimoja cha unga mpaka jioni. Mama hakuwapo. Nilizitazama zile pakiti mbili, nikahesabu siku zilizokuwa mbele yetu, nikasema, "Mama, leo hatuna." Hakusema neno. Aliniombea heri akaenda zake.

Haikupita saa moja nikatoka na chupa yangu, nikamwaga nusu ya chachu katika mtaro ulio mbele ya mlango. Nilipoinua macho nilimwona amesimama upande wa pili na mtungi wake wa maji, akiutazama weupe ule ukichukuliwa na maji machafu.

Akauliza kwa upole, "Mwanangu, unga huo ulikuwa umeharibika?"

Nikajibu, "Ndiyo, Mama."

Msomaji, nimepata kuona aibu mara nyingi, lakini aibu ile ilikuwa na ladha yake. Nilikuwa nimesema uongo mara mbili kabla ya jua kupanda. Niliingia ndani nikachukua kalamu, maana mtu akiona haya hutafuta la kufanya kwa mikono yake. Nikapiga hesabu. Gramu 50 mara mbili kwa siku ni gramu 100. Kwa siku kumi ni kilo moja. Pakiti zetu zilikuwa kilo nne. Kwa hiyo katika siku arobaini unga wote ungekwisha, karibu wote ukiishia mtaroni, wala tusingalionja hata mkate mmoja.

Nikafikiri, basi nisimwage kitu. Nikapiga hesabu ya pili. Chachu yenye njaa hutaka chakula kisichopungua uzito wake, basi kila ilishwapo huwa maradufu. Gramu 200 zitakuwa 400, kisha 800, kisha 1,600, kisha 3,200, kisha 6,400. Mara ya sita ni gramu 12,800, yaani karibu kilo kumi na tatu. Hapo nikaelewa kwa nini karatasi iliamuru kumwaga: mwandishi wake alikuwa akiogopa gharika. Kumwaga ni hasara, na kutomwaga ni gharika. Je, njia ya tatu iko wapi?

Njia ya tatu ilikuwa hatua sita kutoka mlangoni petu. Jioni nilibeba kikombe cha unga nikaenda kwa jirani. Nikamwambia ukweli wote: kwamba unga ulikuwako nilipomwambia haupo, na kwamba uliomwagwa haukuharibika. Alinyamaza kitambo. Kisha akacheka, wala si kicheko cha kunidhihaki, akafunua chungu kilichokuwa pembeni.

Ndani mlikuwa na unga wa wimbi na mtama uliorowekwa kwa ajili ya uji mchachu. Alinieleza kwamba kila apikapo hubakiza kidogo chunguni, kiasi cha kufunika kitako tu. Juu ya mabaki hayo hutia unga mpya na maji, na siku ya pili umekwisha kuchacha. Hamwagi, wala halimbikizi. Akasema, "Mwanangu, mbegu huwekwa kidogo. Kinachobaki ni chakula." Kwa miaka mingi alikuwa akifanya kwa mkono yale niliyoshindwa kuyapata kwa kalamu.

Wala si yeye peke yake. Hapo Kibera, jirani zetu wa Makina ni Wanubi, wazao wa askari wa Kisudani waliotumikia jeshi la Waingereza na kukaa hapo tangu mwanzo wa karne ya ishirini. Huko Sudan walikotoka wazee wao kuna kisra, mkate mwembamba wa mtama, ambao donge lake huchachushwa kwa mabaki ya donge lililotangulia. Elimu niliyoidhani ya mbali ilikuwa imetuzunguka pande zote.

Tangu siku ile nilifuata desturi hii, nawe ukipenda waweza kuifuata. Weka chupani kijiko kimoja tu cha chachu, kama gramu 20. Usiilishe mpaka usiku wa kuamkia siku ya kuoka. Usiku huo itie gramu 50 za unga na gramu 50 za maji. Asubuhi itakuwa imepanda na kujaa mapovu, nayo ni gramu 120. Chota 100 kwa ajili ya mkate. Zile 20 zisalie chupani. Tazama: hakuna kilichomwagwa, na mbegu ni ileile. Kisha changanya hizo 100 na nusu kilo ya unga, gramu 300 za maji na vijiko viwili vidogo vya chumvi. Kanda, funika, subiri. Katika joto donge huumuka kwa saa tano au sita. Katika baridi ya Julai ya Nairobi, laweza kutaka mchana kutwa. Usitazame saa, tazama donge.

Tanuri hatukuwa nalo. Nilitandaza mchanga mkavu katika sufuria kubwa, nikaweka ndani yake sufuria ndogo iliyopakwa mafuta na yenye donge, nikafunika, nikapalia makaa juu ya kifuniko, kama wafanyavyo wapishi wa mkate wa kumimina huko pwani. Baada ya saa moja hivi, mkate huwa tayari: ugonge chini kwa kidole, nao utalia kama ngoma ndogo.

Kama hutaoka kwa siku kadhaa, na huna jokofu, ikande chachu na unga mkavu mpaka iwe donge gumu, uifukie katika unga, mahali pa baridi; au ipake nyembamba juu ya sahani, ikauke, uisage, nayo italala miezi mingi ikingojea maji. Ikizidi, itie katika chapati za maji. Lakini ikiota ukungu, au ikipata rangi ya waridi au ya machungwa, hiyo itupe bila huruma; hapo kutupa si ubadhirifu, ni busara.

Wazee husema akiba haiozi. Mimi nimeona akiba ambayo kuchacha kwake ndiko uhai wake, na ulinzi wake ni kuwa ndogo. Mtu aweza kuwa na unga mwingi akaumaliza kwa kumwaga, na mwingine akawa na kitako cha chungu kikamlisha miaka.

Mkate wangu wa kwanza ulikuwa mzito, na upande mmoja uliungua. Tuliukata vipande saba: viwili vyetu, vitano vya jirani na watoto wake. Alipokwisha kula aliniomba kijiko cha chachu, ajaribu mwenyewe. Nikampa, na kesho yake chupa yangu ilijaa kama kwamba sikutoa kitu. Ndipo nilipokikumbuka kile kikombe cha unga nilichomnyima alfajiri ile, nikatambua kwamba yeye, aliponipa elimu yake, hakunipimia kwa kikombe.