Kuku Walioitwa Mbuzi

"Mdogo wangu, kaya namba 41 haina mbuzi. Pale mimi nilipewa yai."

Ujumbe huo ulitoka kwa dada aliyenisaidia kukusanya data za tasnifu yangu. Kwenye grafu niliyomtumia, kaya namba 41 ilikuwa na mbuzi 14. Sura yangu ya nne nzima ilisimama juu ya mbuzi hao: kaya zenye mbuzi wengi, niliandika, huvuka kiangazi bila kukopa. Msimamizi alikwisha kuisoma, akaisifu.

Kosa nililipata saa nane usiku.

SELECT kaya, kuku mbuzi, deni FROM hojaji

Kati ya kuku na mbuzi nilisahau mkato. Katika SQL, ukitaka kuipa safu jina jingine unaandika kuku AS mbuzi. Lakini AS ni neno la hiari, kwa hiyo hifadhidata haikulalamika. Iliona mtu anayetaka kuku wake waitwe mbuzi, ikamtii.

Kinachoniuma ni kwamba nilikuwa mtetezi wa maneno ya hiari. Darasani nilitoa mfano wa BASIC ya mwaka 1964, iliyodai LET kila unapokipa kigeu thamani. Matoleo ya baadaye yakaliachia neno hilo, na hakuna aliyelililia. PostgreSQL nayo ilidai AS kwenye majina ya safu mpaka toleo la 8.4, mwaka 2009. Kwangu hayo yalikuwa maendeleo. Na nilipobanwa nilikimbilia Kiswahili: tunasema "alisema atakuja" bila "kwamba", na nani amewahi kupotea?

Usiku ule mfano wangu ulinigeuka. Mtu akisema "vyangu vimepotea", neno vitabu halipo, lakini vi- imebaki mlangoni. Najua hasemi mbuzi. Tunadondosha maneno kwa sababu upatanisho unabaki kulinda nyumba. LET nayo ikiondoka, alama ya = bado ipo. AS ikiondoka hubaki nafasi tupu, na mkato ukisahauliwa hubaki nafasi tupu ile ile. Mashine itazitofautishaje?

Msimamizi hakukubaliana nami. "Uliomba safu nne, zikarudi tatu," alisema. "Lugha ikufundishe na kuhesabu?" Sikuwa na jibu, na sina hadi leo, ingawa bado nadhani neno moja la lazima lingeniokoa miezi miwili. Siku hizi naandika AS kila mahali. INNER kabla ya JOIN bado naiacha. Uvivu wangu haujaisha wote.

Nilimwandikia dada yule kumwomba radhi. Akauliza kama kuna kaya nyingine niliyoipa mbuzi isiyokuwa nao.

"Zote," nikamjibu.