Mtumishi Ana Mashabiki Kibao, Ada Hana: Niliyoyaona Tukijaza Fomu ya Seminari

Leo sina stori ya nani kamuacha nani. Leo nataka tumuongelee mtu ambaye wengi wenu mnamfuata, nyimbo zake mnaziweka status kila Jumapili asubuhi, halafu mnaamini kabisa kwamba ana mkwanja. Jina simtaji. Mwenyewe kanipa ruhusa ya kuandika kwa sharti hilo moja, kwa hiyo msianze kubashiri kule chini. Tumuite Mtumishi, maana huku mtaani ndivyo kila mtu anavyomuita.

Mimi niliishia form four. Mtumishi ana digrii ya ualimu, ila ikija kwenye mambo ya kompyuta na mitandao ananitegemea mimi. Sasa Oktoba 2023 akanifuata geto, Tabata, akaniambia: "Mdogo wangu, nataka kwenda kusoma seminari Marekani. Nisaidie kuomba, na nisaidie kuomba hela, maana sina."

Kwanza niweke sawa kitu kimoja. Kibongobongo ukisema seminari, watu wanawaza shule ya bweni ya wavulana wanaoandaliwa kuwa mapadri. Hii siyo hiyo. Hii ni ya watu ambao tayari wana digrii ya kwanza, ya kitu chochote kile, ualimu, uhasibu, kilimo, halafu wanaenda kusomea Biblia, historia ya kanisa, kuhubiri na kulea watu. Digrii yenyewe wanaiita M.Div, na kwa mtu anayesoma muda wote kwa kawaida inachukua miaka mitatu. Miaka mitatu, siyo semina ya wikiendi unapewa cheti na soda.

Nikamuuliza, braza wewe ni mwimbaji, watu wanakulipa uimbe, unaenda kutafuta nini huko? Akanionyesha simu. Meseji za mashabiki. Saa nane usiku mtu anaandika mtoto wake kafariki, Mungu alikuwa wapi. Mwingine anasema amechoka kuishi. Mwingine mume anampiga na mchungaji kamwambia avumilie. Meseji zilikuwa nyingi, nyingine zina miezi hazijajibiwa. Akasema, "Mimi nimewaimbia hawa kwamba Mungu anajibu. Wakiniuliza, nawatumia emoji ya mikono. Naona aibu."

Basi bwana, tukaanza.

Najua kuna mtu ameshauliza, kwa nini asisome hapa hapa? Swali zuri, tulilijadili. Kuna Makumira pale Usa River, Arusha. Kuna St. Paul's kule Limuru, Kenya, chuo ambacho mizizi yake ni Freretown, Mombasa, mwaka 1903, kwenye makazi ya watumwa walioachiwa huru. Nairobi kuna Africa International University, iliyoanza 1983. Ni vyuo vya heshima, na mchungaji wako pengine kapita kimojawapo. Shida ni kwamba ada unalipa kote. Na Bodi ya Mikopo tunayoijua sisi ni ile ya boom la digrii ya kwanza, ambalo Mtumishi alishalila na makato yake anayajua.

Wenzetu wa Marekani wana utaratibu tofauti, na hapa nilijifunza kitu. Seminari nyingi za kule ni za zamani sana. Princeton Theological Seminary kwa mfano ilianza 1812, na siyo sehemu ya chuo kikuu cha Princeton, ni jirani tu. Kwa miaka yote hiyo waumini wamekuwa wakiziachia fedha kwenye wosia. Fedha hizo haziliwi. Zinawekezwa, faida yake ndiyo inasomesha watu. Kwa hiyo unapoomba msaada, siyo kwamba unamuomba mzungu fulani atoe mfukoni. Kuna bibi mmoja alikufa zamani huko, akaacha hela ili mtu asiyemjua asome. Mtumishi aliposikia hivyo akatulia kidogo, kisha akasema, "Kwa hiyo ni sadaka." Nikamwambia ndiyo, ila sadaka yenye fomu.

Na fomu ndiyo ilikuwa mtihani.

Mwanafunzi wa nje hapati msaada wa serikali ya Marekani, ule ni wa raia na wakazi wao. Tegemeo lako ni seminari yenyewe, kanisa lako na watu wako. Sasa seminari inataka kujua kila kitu. Unaingiza kiasi gani kwa mwaka? Una nyumba? Gari? Akiba? Mke ana kazi? Kanisa litachangia ngapi? Ndugu je? Umeomba wapi kwingine? Na mwisho unasaini kwamba uliyoyasema ni kweli.

Nilipofika kwenye kipato nikamtazama. Kimya. Akasema, "Andika dola elfu kumi."

Nikamuuliza, zipo? Akacheka. Tukachukua daftari tukaanza kupiga hesabu kama watu wa duka. Shoo za makanisani, nyingi analipwa bahasha, na bahasha nyingine ina elfu thelathini na "Mungu akubariki". Harusi, nusu ya pesa haimaliziwi. YouTube, ndiyo inaleta, lakini siyo mnavyodhani, na studio inakata chake. Gari analopostia ni la rafiki yake. Suti za video kuna fundi Sinza anamkopesha ili atangaziwe. Nyumba kapanga, vyumba viwili, kodi anahangaika nayo kila miezi sita. Jumla ya mwaka mzima ikatoka shilingi 6,200,000. Kwa dola ya 2,500 ya wakati ule, ni dola 2,480.

Aisee, lile chumba lilikuwa zito. Jamaa ana wafuasi zaidi ya laki mbili. Akaniambia maneno ambayo sijayasahau: "Yaani watu nisiowajua huko watajua sina kitu, na wanaonijua hapa hawajui."

Tukaandika 2,480. Nilimwambia, ukijifanya tajiri watasema jilipie mwenyewe, na siku wakikudai hiyo elfu kumi utaitoa wapi? Akakubali, ila mkono ulikuwa unamuuma kama anasaini hati ya kuuza kiwanja cha ukoo.

Ikaja barua ya kueleza kwa nini unahitaji msaada. Ya kwanza aliyoandika ilikuwa mahubiri. Mungu ni mwaminifu, Mungu atafungua milango, kurasa mbili, hakuna namba hata moja. Nikamwambia hawa watu hata wao wanamjua Mungu, hilo usiwafundishe. Waambie una mke na mtoto mmoja, mke ni mwalimu wa shule ya msingi, mshahara wake unabaki hapa kwa mtoto na kodi. Waambie unaweza kutoa ngapi, hata kama ni kidogo. Waambie ukimaliza unarudi kufanya nini, wapi, na nani anakusubiri. Ikabaki ukurasa mmoja. Ile barua ilikuwa ya kawaida kabisa, lakini ukiisoma unamuona mtu.

Kazi nyingine ilikuwa kanisani. Seminari ilitaka barua ya kanisa, inayosema wanamtambua na watachangia kiasi gani. Kanisa lake silitaji. Wazee walimuweka kikao karibu saa mbili. Mmoja akamuuliza, "Wewe si staa? Mtu ana gari anaomba nini?" Mwingine akasema vijana wakienda Marekani hawarudi. Mtumishi akatoa taarifa ya benki na miamala ya simu ya miezi sita, akaiweka mezani. Kila mzee akaipitisha kwa mwenzake. Mwishowe mchungaji alisaini barua ya kumtambua na kuahidi kumpokea akirudi. Sehemu ya mchango akaandika sifuri. Kwaya ya kanisa hilo hilo imejaza viti kwa sauti yake miaka sita.

Sikupenda, na mpaka leo sipendi. Ila Mtumishi alisema, "Angalau ni sifuri ya kweli." Tukaituma hivyo hivyo, pamoja na matokeo ya mtihani wa Kiingereza, barua za walimu wake wa chuo na kila kitu, kabla ya siku ya mwisho, Januari 2024.

Machi jibu likaja. Amekubaliwa! Ada yote ya mwaka, dola 18,000, wanalipa wao. Kwenye kula, kulala na bima ya afya, ambayo ilikuwa dola 21,000, watatoa 6,000. Tulipiga kelele mpaka mama mwenye nyumba akatoka. Halafu nikasoma tena taratibu. Zinabaki dola 15,000. Yaani shilingi 37,500,000.

Na hapa wengi huwa hawajui, kwa hiyo nawaambia. Barua ya kukubaliwa siyo viza. Ili uombe viza ya mwanafunzi unahitaji karatasi inaitwa I-20, na chuo hakikupi mpaka uonyeshe hela ya mwaka wa kwanza ipo, benki, kwa maandishi. Huwezi kusema nitafanya kazi nikifika, maana mwaka wa kwanza mwanafunzi kwa kawaida anaruhusiwa kazi za chuoni tu, zisizozidi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, na hizo hazihesabiwi. Mke ukienda naye kwa viza ya mwenza wa mwanafunzi, haruhusiwi kufanya kazi kabisa. Bado kulikuwa na dola 350 za usajili wa wanafunzi wa kigeni na dola 185 za viza yenyewe, kwa bei za 2024, na hizo hazirudi hata ukinyimwa. Hapo hujagusa nauli.

Mtumishi alitaka kuachana nayo kimya kimya. Aliyekataa ni shemeji. Alisema kitu ambacho nadhani kila mtu wa mjini angekisikia: "Sisi watu wa Dar tunachangia harusi ya milioni ishirini kwa siku moja, keki na mapambo. Mume wangu ameimba kwenye harusi za watu miaka sita. Tuite kamati."

Na kweli, akaita kamati. Kamati ya masomo. Mwenyekiti, mweka hazina, grupu la WhatsApp, kadi za mchango kama za harusi kabisa, ila badala ya picha ya bibi na bwana kuna picha ya Mtumishi ameshika kitabu. Akakaa na daftari la harusi zote alizoimba, akampigia kila mtu. Kuna waliojifanya hawamkumbuki. Kuna waliotuma "hongera sana mtumishi" na maua matatu. Lakini kuna bwana mmoja wa Kimara ambaye alikuwa anadaiwa laki mbili za harusi ya 2021, akazilipa na kuongeza laki tatu juu. Kuna mama muuza vitumbua, sijui hata namba kaipata wapi, akatuma elfu tano tano kila Ijumaa. Niliona miamala hiyo kwa macho yangu, maana mimi ndiye nilikuwa naandika orodha.

Kitu kilichonishangaza ni hiki. Ilibidi Mtumishi aseme hadharani kwenye lile grupu kwamba hana hela. Alirekodi sauti ya dakika mbili, bila kinanda, bila "mpendwa". Alisema gari siyo langu, nyumba nimepanga, nataka kusoma, naomba. Niliogopa watamcheka. Wapo waliocheka, nisidanganye. Lakini wiki ile ndiyo iliingiza hela nyingi kuliko zote.

Mpaka naandika hapa zimefika shilingi 11,400,000. Bado 26,100,000. Kwa masomo ya Septemba hii hatukuwahi, tukaandika imeili kuomba nafasi isogezwe mwaka mmoja. Wamekubali kumshikia nafasi, ila msaada wataupitia upya, hawajaahidi kwamba utakuwa ule ule. Kwa hiyo inawezekana akapata, inawezekana akakosa. Hela ya watu iko kwenye akaunti ya pamoja, saini tatu, na kamati imekubaliana kwamba ikishindikana kabisa itamsomesha hapa hapa Afrika Mashariki. Shemeji ndiye aliyesimamia hilo liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao. Mtumishi mwenyewe siku hizi kaanza kujibu zile meseji, mbili tatu kila usiku, kwa maneno yake. Anasema hajui kama anajibu vizuri.

Kwa wewe unayefikiria kuomba, haya ni yangu machache. Anza mwaka mzima kabla. Soma kwanza ukurasa wao wa wanafunzi wa kigeni, kabla hujapenda picha za majengo. Omba msamaha wa ada ya maombi, kuna vyuo vinasamehe ukiuliza kwa adabu. Andika namba za kweli. Na yeyote anayekuambia umtumie laki tano akufanyie "mchongo wa skolashipu", mkimbie.

Sasa niambieni wadau. Leo ukipata kadi ya mchango ya mtu anayeenda kusoma, na ya mtu anayeoa, zote siku moja, na mfukoni una elfu hamsini tu, unampa nani? Jibuni ukweli, Mtumishi anasoma maoni.